Kadi Iliyokatwa Kola

Fundi mmoja wa nguo, ambaye mtaa mzima ulimwita Futi, alijulikana kwa mambo mawili. La kwanza, akikuona tu unavuka barabara tayari ameshajua kiuno chako ni inchi ngapi, na ukimbishia anachukua futikamba anakuaibisha mbele za watu. La pili, alikuwa bubu wa kujitakia. Bei aliitaja vizuri sana, na mteja akichelewa kuchukua nguo alimpigia simu mpaka mteja akajuta kuzaliwa na vidole vya kupokelea. Lakini habari zake mwenyewe, thubutu. Mkewe, mfanyakazi wa kiwanda cha mikate, alikuwa akisema ameolewa na sanduku la chuma na ufunguo umefungiwa humo humo ndani.

Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Cherehani mbili, meza ya kukatia iliyochimbika kwa mkasi, na ukutani misumari mingi iliyotundikwa vipande vya karatasi ngumu, kipande juu ya kipande. Chumba cha nyuma alikaa mama yake, mwanamke wa miaka sabini na mbili, mkali kama pilipili, ambaye ndiye aliyeanzisha duka hilo na kumfundisha kazi. Macho yalikuwa yamechoka lakini vifungo bado alikuwa anashona kwa kupapasa tu, na uzi wake ukishindwa kukatika kwa meno alikuwa anaulaumu uzi.

Jumatatu moja akaja karani wa kliniki mpya ya watoto iliyokuwa ikimaliziwa kupakwa rangi mtaa wa pili. Alitaka makoti meupe matano ya madaktari, na kwenye mfuko wa kushoto wa kila koti jina la mwenyewe lidariziwe kwa uzi mwekundu. Akaacha karatasi yenye majina. Futi akaibandika kwa pini mbele ya cherehani kama kawaida yake, akakata, akashona. Jina la kwanza likaingia, la pili, la tatu, la nne. Alikuwa haisomi karatasi yote kwa mara moja. Fundi husoma mstari anaoushona. Siku ya Alhamisi akaufikia mstari wa tano.

Uzi ulikatika mara tatu. Mara ya nne sindano ikavunjika, na Futi, mwanamume wa miaka arobaini na nne mwenye watoto wawili na ndevu zilizoanza kuota mvi, akajikuta ameshika ukingo wa meza anavuta pumzi kwa shida, kama alivyokuwa akivuta akiwa na miaka tisa.

Akiwa na miaka tisa alikuwa na pumu. Karibu mwaka mzima mama yake alimpeleka kila mwezi hospitali kubwa, kwa daktari wa watoto ambaye kila mtu alimsifu kwa upole wake. Daktari alikuwa anamwambia mama asubiri nje. Kisha anafunga mlango, anazungusha ufunguo. Yaliyofanyika humo ndani sitayaeleza, wala wewe usiniulize. Inatosha kusema kwamba daktari hamfanyii mgonjwa mambo yale, na mtu mzima hamfanyii mtoto. Na kila mara kabla ya kufungua mlango alimkumbusha mtoto kwamba akisema, dawa zitakatwa, na yeye atakufa kwa kukosa hewa nyumbani kwao, na mama yake ataangalia tu. Mtoto wa miaka tisa ambaye kweli amewahi kukosa hewa, unadhani atabisha?

Kwa miaka thelathini na nne Futi alikuwa amejiambia kwamba mtu yule amekufa au amehamia mbali. Kumbe yupo, mzima wa afya, tena anataka koti jipya la kutibia watoto.

Karani alipiga simu Ijumaa. Akapiga Jumamosi mara mbili. Futi akasema cherehani ni mbovu, akasema uzi mwekundu umeisha, akasema lolote lililomjia. Jumapili mchana mkewe alipoingia dukani akakuta makoti manne yamekunjwa na la tano liko mezani, mfuko mtupu. Mwanamke huyo alikuwa ameishi na mume wake miaka kumi na sita na hakuwahi kuona kazi imelala mezani siku tatu. Akaurudishia mlango wa barabarani, akaketi kwenye kigoda cha wateja, akasema hatoki mpaka aambiwe. Akanyamaza naye, na kwa kunyamaza akamshinda.

Futi alisema yote akiwa anaangalia gurudumu la cherehani. Ilimchukua kama robo saa. Alikuwa na hofu moja kubwa, kwamba mkewe atamtazama kwa namna nyingine, kwa sababu hata huko sokoni na vijiweni ukisikia habari kama hizi huwa ni za wasichana, na mwanamume akisema yamemkuta watu hucheka au huinuka wakaenda. Mkewe hakucheka na hakuinuka. Hakuuliza kwa nini hukuniambia, swali ambalo mimi mwenyewe ningeuliza, nakiri.

"Huyo mtu bado anatibu watoto?" aliuliza.

"Kliniki inafunguliwa mwezi ujao."

"Basi kesho hushoni."

Kuna mwenzake wa kiwandani aliyewahi kufukuzwa kazi kwa uonevu, akasaidiwa bure na ofisi ya msaada wa kisheria iliyokuwa juu ya duka la kutolea nakala. Huko ndiko walikokwenda Jumatatu asubuhi. Ngazi zilikuwa nyembamba na sakafu ilitetemeka mashine ya chini ilipokuwa inafanya kazi. Wakaketishwa mbele ya msichana mwenye miwani, na Futi akampima kwa jicho, bega inchi kumi na nne, umri hata thelathini hajafika, akadhani ni mpokezi wa wageni. Akamwambia wao wamekuja kumwona wakili. Msichana akasema ameshamwona.

Wakili huyo alikuwa na tabia nzuri ya kutokuwa na haraka. Kwanza alimweleza kwamba litakalosemwa pale halitoki pale bila ruhusa yake, na kwamba hahitaji kusimulia yote siku ile, aseme yale tu anayoweza. Futi akasema kidogo. Halafu akauliza swali ambalo lilikuwa limemkaa kooni tangu Alhamisi. "Si nimechelewa?"

"Kwa mlango mmoja, huenda. Kwa mingine, hapana."

Akamfafanulia polepole, akirudia pale Futi alipokunja uso. Polisi ni mlango mmojawapo: kushtaki jinai, na kwa sheria zao kosa zito dhidi ya mtoto halikuwa na tarehe ya kuisha, mshtakiwa angeweza kukamatwa hata akiwa na mkongojo. Ila jinai inataka ushahidi mzito usioacha shaka, na kesi yenyewe inaendeshwa na serikali, kwa hiyo mwendo wake si wako wewe. Kisha kulikuwa na kesi ya madai, ya kudai fidia kwa daktari na hata kwa hospitali iliyomwajiri, kwani huenda walijua wakanyamaza. Hapo ndipo muda ulipowabana. Sheria ilitoa miaka michache tu baada ya mtoto kuwa mtu mzima, na Futi alikuwa ameipita zamani. Mtu angeweza kuiomba mahakama imwongezee muda, akaeleza kwa nini alishindwa kusema, na majaji wengine walikuwa wameanza kuelewa kwamba mtoto aliyetishwa hufungua mdomo akiwa na watoto wake. Wengine hawajaelewa. Wakili hakumwahidi kitu, na Futi akampenda kwa hilo, maana yeye mwenyewe huwa haahidi nguo ya sikukuu.

Mlango uliobaki ulikuwa baraza la madaktari. Hilo halifungi mtu jela na halilipi fidia. Lakini ndilo lililompa daktari leseni, na ndilo linaloweza kumnyang'anya, na malalamiko hupokewa wakati wowote. Kusikilizwa hufanywa faragha, na jina la mlalamikaji haliandikwi kwenye taarifa za nje. Tena kuingia mlango huo hakufungi ile mingine.

Futi hakufikiri sana. Alichotaka kilikuwa kimoja: mtu yule asibaki tena peke yake chumbani na mtoto wa mtu. Akasema waanze na baraza.

Makoti manne yakapelekwa kliniki. La tano likafumuliwa, likarudishwa likiwa vitambaa, na karani akanuna. Barua ya malalamiko ikaandikwa, Futi akaitia sahihi kwa mkono uliotulia kuliko alivyotarajia, na kwa wiki tatu akashona huku akipiga mluzi. Watoto wake walishangaa. Walikuwa hawajui kama baba yao anaweza kupiga mluzi.

Jibu lilipokuja mluzi ulikatika. Daktari alikuwa ameandika kwamba hajawahi kumtibu mtu wa jina hilo. Hospitali nayo ikaandika kwamba mafaili yake ya zamani hivyo yalishateketezwa kwa kufuata utaratibu. Baraza likasema, kwa adabu zote, kwamba kama hakuna kitu chochote kinachomweka mlalamikaji katika chumba cha daktari huyo, malalamiko yatafungwa baada ya siku thelathini. Kliniki ilikuwa imeshafunguliwa. Futi aliipita akienda kununua zipu, akaona kina mama wamepanga foleni na watoto wao migongoni.

Wakili akamuuliza kama nyumbani kulikuwa na karatasi yoyote ya wakati ule, cheti, stakabadhi, kadi. Futi akakumbuka kadi ya kliniki, ya manjano, ngumu, iliyoandikwa tarehe kwa safu. Mama yake ndiye aliyekuwa akiitunza. Na hapo akaona jambo alilolikimbia muda wote huo: ili aipate kadi, lazima aseme na mama.

Unaweza kucheka ukidhani mwanamume mwenye ndevu hawezi kumwogopa mama yake. Humjui mama huyo. Kwake yeye mwalimu ni mwalimu, daktari ni daktari, na mtoto ni wa kunyamaza. Futi alijaribu ujanja. Alimkuta chumbani kwake ana shati la mteja mapajani, akauliza, kama mtu aliye na shughuli nyingine, ile kadi yake ya kliniki iko wapi. Mama akauliza ya nini, kwani pumu imerudi? Futi akasema haijarudi. Mama akauliza ya nini basi. Na Futi, liwalo na liwe, akamwambia.

Mama hakuinua uso. Alimaliza kifungo alichokuwa anakishona, akashona na kilichofuata, akashona na cha tatu. Akakata uzi. Akaweka shati pembeni, akasimama, akampita mwanawe mlangoni pasipo kumgusa, akaenda dukani. Futi alibaki amesimama pale, na moyoni akasema ndiyo hivyo, haniamini. Hakuna maumivu aliyowahi kuyapata katika habari nzima yaliyozidi yale ya dakika hiyo, na nasema hivyo nikiwa nimeisikia habari nzima.

Kisha akasikia vitu vinaanguka. Alipotoka akamkuta mama yake amepanda juu ya kigoda, anashusha vipande vya karatasi kutoka kwenye misumari kwa mikono miwili na kuvimwaga sakafuni.

"Niliikata kola," mama alisema.

Kwa asiyekuwa fundi nieleze. Kabla ya kukata kitambaa unaweka juu yake kigezo, yaani kipande cha karatasi ngumu chenye umbo la kola, la mfuko au la mkono wa shati. Unakizungushia chaki, halafu unapitisha mkasi. Karatasi ngumu siku zile ilikuwa adimu, na katika nyumba ya fundi kitu kigumu hakitupwi. Jalada la daftari ni kigezo, boksi la viatu ni kigezo, kalenda ya mwaka jana ni kigezo. Kwa hiyo pumu ilipotulia na kadi ikaisha kazi, mama akaitazama, akaona manila safi ya bure, akaikata. Fundi gani angefanya vingine? Tena Futi mwenyewe, tangu alipoachiwa duka, alikuwa ameizungushia chaki kola hiyo labda mara elfu, upande usio na maandishi ukiwa juu, akashonea sare za watoto wa shule tatu.

Walikaa sakafuni mchana kutwa wakigeuza kipande kimoja kimoja. Mkewe aliporudi kutoka kiwandani na unga kwenye nywele akajiunga nao. Palikuwa na vigezo mia na ushee. Mama alifanya kazi kwa mdomo uliofumbwa. Neno la kumwambia mwanawe juu ya yale aliyoyasikia halikutoka. Futi alimtazama mara nyingi kwa pembeni na hakuona kitu usoni pake.

Katikati ya fujo hiyo akaingia mjomba, mdogo wake mama, aliyekuja kuchukua suruali. Mjomba ni mtu wa kunusa. Dakika tano hazikupita alikuwa ameshajua, na dakika ya sita akaanza kutoa hekima. Funika kombe mwanaharamu apite, alisema. Yaliyopita si ndwele. Mzee wa watu ameshakaribia kaburi, na mtoto wa kiume kujianika hivyo mbele ya watu ni kujivunjia heshima na kuivunjia nyumba nzima. Wapo wengi wa aina yake, wenye methali mfukoni kwa ajili ya maumivu ya wenzao. Siku akiumwa jino yeye humkuti anafunika kombe. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akachukua suruali yake, ambayo mguu mmoja ulikuwa haujakunjwa upindo, akamtupia begani, akamfungulia mlango. Mjomba akaondoka na mguu mmoja mrefu.

Jioni jua likiwa bado lipo mkewe akageuza kola ya mtoto wa miaka sita, akaona nyuma yake mistari na wino uliofifia. Tarehe ya kuhudhuria, tarehe ya kurudi. Safu saba zilikuwa nzima na nyingine zilipitiwa na mkasi. Baada ya hapo ikawa rahisi, kwa kuwa mama alikumbuka kwamba kipande kimoja hutoa kola na mifuko miwili. Mfuko wa kwanza ulikuwa na nusu ya chini ya jina la Futi na umri wake. Mfuko wa pili ulikuwa na mhuri wa hospitali, na juu ya mhuri sahihi ya daktari, kubwa, yenye mkia, na jina lake chini yake kwa herufi za kuchapa. Walipovipanga mezani vikakaribiana kama kadi, na katikati pakabaki tundu la umbo la shingo.

Wakili alipoviona alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Akasema asithubutu mtu kugundisha kitu chochote. Akavitia kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha, akamwandikia mama hati ya kiapo ya kueleza kadi ilitoka wapi, nani aliikata na kwa nini. Siku ya ishirini na sita kati ya zile thelathini wakaenda wote baraza. Karani wa pale aliinua kile kipande, akakitazama kwa makini, akamwambia mama kwa upole kama anavyoambiwa mtu aliyepotea njia kwamba hii ni kola. Mama akamjibu neno moja tu: "Geuza."

Wiki hiyo hiyo baraza likamsimamisha daktari asitibu mtoto yeyote hadi malalamiko yasikilizwe. Mlango wa chumba chake kliniki ukafungwa, na kina mama wakaelekezwa kwa madaktari wengine wanne. Futi alipoambiwa, aliomba glasi ya maji, akainywa yote.

Lakini kusimamishwa ni kwa muda tu. Siku ya kusikilizwa ilikuja miezi miwili baadaye, na wakili alikuwa amewaeleza wazi kwamba wakishindwa siku hiyo, mtu huyo anarudi kazini asubuhi yake. Chumba kilikuwa cha kawaida, meza ndefu, feni, watu watano wa baraza wakiongozwa na mwenyekiti mwanamke mwenye nywele nyeupe. Futi aliruhusiwa kukaa nyuma ya pazia la kukunja ili asitazamane na daktari. Kwa wiki kadhaa alikuwa akienda kwa mshauri nasaha aliyetafutiwa na ile ofisi, kujifunza kusema jambo hilo kwa sauti bila kukosa hewa. Alisema. Alikwama mara mbili, mwenyekiti akasubiri, akaendelea hadi mwisho.

Wakili wa daktari alikuwa mtu mzima, msafi, mwenye sauti ya kubembeleza. Hakupiga kelele. Kola aliidharau kidogo, akisema karatasi iliyokatwakatwa inaweza kuonyesha kwamba mtoto alitibiwa, sawa, mteja wake ni mzee na huenda amesahau mgonjwa mmoja kati ya maelfu. Lakini kutibiwa si kosa. Kisha akaweka lile alilolitegemea. Miaka thelathini na nne, alisema, na bwana huyu hakumwambia mtu hata mmoja. Hakumwambia mwalimu, ndugu, wala rafiki. Mtoto aliyeumizwa hulia, hukataa kwenda. Huyu alikwenda kila mwezi, na kadi yake yenyewe inathibitisha. Je, jambo hili halikutungwa ukubwani?

Futi nyuma ya pazia aliinamisha kichwa. Ilikuwa kweli kwamba alikwenda kila mwezi. Wakili wake alianza kuinuka, lakini mama, ambaye alikuwa ameitwa kueleza habari za kadi tu na alikuwa ameshamaliza, akasema ana neno. Mwenyekiti akamruhusu.

"Alisema," mama alisema.

Wakili wa daktari akamwomba arudie.

"Nasema alisema. Wewe umesema hakumwambia mtu. Aliniambia mimi. Mwezi wa nne alisema, mama, sitaki kwenda kwa yule daktari. Nikamwambia daktari ni daktari. Mwezi wa tano akashika mguu wa meza, akasema anafunga mlango, mama, sitaki. Nikamtoa kwa nguvu. Mwezi wa sita akajificha chini ya vitambaa, na mimi nikamchapa kwa rula ya mbao ya kukatia, nikamburuta mpaka hospitali, nikamwambia akinitia aibu nitamchapa tena. Ndiyo maana kadi yako haina pengo. Mimi ndiye niliyeziba mapengo."

Hakuna aliyeandika. Wakili wa daktari, bado kwa upole, akamwambia kwamba mama mwenye huruma anaweza kukumbuka mambo kwa namna ya kumsaidia mwanawe.

"Mwanangu," mama akamjibu, kwa kuwa kweli angeweza kumzaa, "mtu akitaka kusema uongo hujitengenezea sifa. Mimi nimekuja hapa na miaka sabini na mbili kujisema kwamba mtoto wangu aliniomba msaada mara tatu nikampiga. Kama ni uongo, si ningetunga ulio mzuri kwangu?"

Halafu akageuka. Pazia lilikuwa upande wa kushoto na macho yake hayakuliona vizuri, kwa hiyo alielekea kidogo pembeni, kwenye dirisha.

"Ulisema, mwanangu, na mimi nilisikia. Tangu uliponiambia nimeshindwa hata kukutazama. Naomba unisamehe, mbele ya watu hawa wote."

Nyuma ya pazia Futi alikuwa analia waziwazi, kwa sauti, na hakujali nani anasikia. Kumbe kimya kile chote cha miezi kilikuwa aibu ya mama, na yeye alikihesabu kuwa kutoaminiwa. Alisema, "Nimesikia, mama," na sauti ikatoka nzito kama ya mtu mwenye mafua. Mwenyekiti aliwaacha. Alitazama saa, akasema wapumzike nusu saa, na yeye mwenyewe akatoka akiwa ameshika leso.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki sita. Walikwenda kuusikia kwa wakili, juu ya lile duka la nakala, Futi, mkewe na mama aliyepanda ngazi zile nyembamba akigombana na kila moja. Wakili alisoma kurasa nne. Usajili wa daktari umefutwa, asitibu mtu tena, mkubwa wala mdogo. Kliniki imeagizwa kuwajulisha wazazi wote, na watu wengine watatu walikuwa wameshapiga simu baraza, mmoja wao mwanamume. Mlalamikaji yuko huru kufuata njia nyingine za kisheria. Na katikati ya ukurasa wa tatu palikuwa na mstari mmoja mfupi, kwamba baraza limeusikiliza ushahidi wa mlalamikaji na limeuamini.

Futi aliomba usomwe tena. Wakili akausoma. Akaomba mara nyingine, na mkewe akamshika mkono.

Wakili akaanza kumweleza yaliyobaki, kwamba sasa wanaweza kuandaa ombi la kuongezewa muda ili wafungue madai, na kwamba uamuzi huu utawasaidia, na kwamba hakuna haraka, aende nyumbani kwanza apumzike, afikirie. Futi alimkatiza. Katika maisha yake yote hakuwahi kumkatiza mtu anayemsaidia.

"Polisi wanafungua saa ngapi?"

"Polisi hawafungi," wakili alisema.

Futi akasimama. Mama alikuwa ameshafika mlangoni, amejifunga mtandio vizuri, anawauliza wanangoja nini.